Umelegea

Mume wangu alikuwa mtu wa kugombana na vitu. Na watu alipatana vizuri, hata wale ambao mimi nisingewakaribisha maji. Lakini umpe kitasa kigumu, mwavuli unaopinduka au kiatu kinachobana, utamsikia akikisema kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama mtu anayemlalamikia mkwewe. Kwa hiyo alipoanza kuulalamikia mkanda wa bunduki sikushtuka. Nilijua ni zamu ya mkanda.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya upepo, na nalisema hilo mapema maana watu wakisikia bunduki tu wanaona majambazi. Hii haikuwa na baruti. Ilikuwa na mtungi wa chuma chini ya mtutu, unaojazwa hewa kwa pampu ya kusimama, darubini juu, na kitako cha mbao kilichochongwa na mtu ambaye bila shaka hakuwahi kutembea. Ukiishika mara ya kwanza unacheka kwa uzito wake. Ukizunguka nayo tangu asubuhi mpaka jua la utosi, kicheko kinakwisha chenyewe.

Aliibeba kwenye maghala ya nafaka, ambako kazi yake iliitwa mlinzi wa ndege. Wageni walidhani analinda uwanja wa ndege. Wengine walidhani anawalinda ndege wasidhurike, wakampongeza kwa moyo wake mwema. Ukweli ni kwamba aliwafukuza kunguru na njiwa waliokuwa wakitoboa magunia na kuchafua nafaka iliyoanikwa, na wale wasiosikia la mtu aliwaangusha. Silaha ya baruti isingefaa kule, kwa sababu vumbi la nafaka likikutana na cheche linalipuka. Wenzake walimwita Bwana Kunguru, na yeye aliitika.

Mimi nilikuwa banda la kushonea, naziba midomo ya magunia kwa sindano kubwa pamoja na wanawake wenzangu. Kutoka kwenye benchi langu nilimwona kila alipokatiza kati ya ghala moja na jingine. Wenzangu walinitania kwamba mimi ndiye mke pekee duniani anayejua mumewe yuko wapi saa zote. Niliwajibu kwamba hiyo si zawadi, ni kazi ya ziada.

Pale kulikuwa na kanuni moja ambayo kila mtu aliijua. Bunduki ikishatoka stoo haiwekwi chini mpaka irudi. Haiegemezwi ukutani, hailazwi juu ya gunia, wala mtu hamshikii mwenzake. Zamani mlinzi mmoja aliiegemeza mahali akaenda kujisaidia, watu wakaichezea, na mpakuzi mmoja akapoteza jicho. Tangu hapo mlinzi wa ndege huzunguka maghala yote na bunduki mwilini, bila kuitua. Msimamizi mpya alipokuja aliwakusanya watu akasema kwamba asiyeiweza kanuni hiyo aseme mapema, atafutiwe mtu mwingine. Aliposema hivyo hakumtazama mume wangu, na kutomtazama kwake kulionekana na wote.

Jioni ile mume wangu alikaa kitandani akijisugua bega. Mkanda uliokuja na bunduki ulikuwa wa nailoni, mwembamba, na ulikuwa umemchora mstari mwekundu kutoka shingoni mpaka kwapani. Nilimwambia awaachie bunduki yao, apumzike, watoto wetu ni wakubwa na hatutalala njaa. Alitikisa kichwa.

"Siku nitakayoshindwa kuibeba, nitakaa," alisema. "Na mimi nikikaa, siinuki tena."

Nilimwambia aache kujitabiria mabaya. Kesho yake tulikwenda kwa mdogo wangu.

Mdogo wangu ni fundi wa ngozi. Chumba chake kinatazama barabara, kina dirisha moja, meza moja yenye makovu ya visu, na harufu ya gundi inayokupanda kichwani kabla hujamaliza kusalimia. Hushona mikoba, mikanda ya suruali, viatu, kola za mbwa wa watu wanaojiweza. Ni mtu mpole kwa kila jambo isipokuwa ngozi. Ukimwambia kwamba mkoba wake umekatika, anakutazama kama umemwambia mama yetu alikuwa mwizi. Yeye na mume wangu walikuwa mashemeji wa kutaniana mpaka watu wa pembeni wanadhani ni ugomvi.

Msimamizi alikuwa ametoa ruhusa bunduki itolewe ikiwa tupu, ikapimwe. Mdogo wangu alimsimamisha mume wangu katikati ya chumba akiwa ameivaa, akamzunguka kama mshona suti. Ule wa nailoni aliuvua kwa vidole viwili akasema huo ni wa kubebea kamera, akautupa kwenye kikapu cha vipande. Kisha akaanza kueleza, na alipoanza kueleza nilitafuta kigoda.

Kuna mkanda wa bega moja, alisema, wa kuning'iniza tu. Ukitaka kulenga unautoa haraka, lakini uzito wote unakaa mahali pamoja, na bega likichoka kidogo unateleza. Kuna wa mabega mawili, kama wa begi la shule. Huo unagawa uzito vizuri, ila kuitoa bunduki mgongoni ni kama kuvua fulana iliyolowa. Mpaka umalize, kunguru ameshakula, ameshiba na amekwenda kuwaita ndugu zake. Na kuna wa kukatiza kifua. Unapita bega la kushoto, unazunguka mgongo, bunduki inalala ubavuni mtutu ukiangalia chini, na ukiivuta mbele iko mkononi.

Nilisema mbeleko ingemaliza kesi hii. Nilibeba watoto wake wote kwa kipande cha kanga, na sikuwahi kusikika nikilalamikia bega.

"Watoto hawakuwa na darubini," mume wangu alijibu.

Walicheka wote wawili, na mimi nikacheka. Alichagua wa kukatiza kifua. Mdogo wangu alimuuliza kwa nini huo, akitegemea kusikia habari ya kulenga haraka, lakini mume wangu alisema anataka mkanda ambao mkono ukimwachia ghafla, bunduki haianguki. Mkono wake, alisema, una usingizi siku hizi. Nilimwambia kwamba usingizi huo nimeuona mwili mzima, hasa ukifika wakati wa kuchota maji.

Mdogo wangu alifanya kazi ile kwa moyo wote. Alichagua ngozi ya mgongo wa ng'ombe, nene, akakata mikanda miwili inayolingana, mmoja wa kuvaa na mmoja wa akiba, akauita wa akiba pacha. Ngozi mpya ina uvivu wake, alisema, ukiivalia uzito inatanuka; kwa hiyo aliining'iniza yote miwili kwenye boriti ikiwa imefungiwa debe la mchanga, akaiacha mpaka aliporidhika kwamba imetoa uvivu wote. Sehemu ya begani aliiwekea sponji, na chini yake akashonea kipande cha mpira wa ndani ya tairi ili usiteleze. Alishona kwa uzi uliopakwa nta. Aliweka bizimu la shaba, akatoboa matundu kwa mstari, na mume wangu alipoujaribu ulifunga kwenye tundu la katikati, sawasawa kabisa.

Siku za mwanzo zilikuwa nzuri. Nilimwona akipita kati ya maghala amenyooka, bunduki imetulia ubavuni, na wapakuzi wakimwuliza kama anauza huo mkanda. Nyumbani hakujisugua bega. Wakati wa kula alisifia bizimu, akasifia mshono, akasifia mpira wa tairi, mpaka nikamwambia kwamba wakitaka niwapishe chumba waseme.

Kisha siku moja alirudi akasema mkanda umelegea.

Mdogo wangu alisema ni kawaida, ngozi bado inajifunza mwili, avute tundu moja. Alivuta. Baada ya muda ukalegea tena, akavuta jingine. Ukalegea tena. Bunduki ilianza kushuka kutoka ubavuni mpaka nyongani, kitako kikawa kinampiga goti akitembea. Matundu yakaisha. Mdogo wangu akatoboa mapya, na hayo yakaenda. Kila mara aliuchukua mkanda, akaukunja, akaunusa, akauvuta kwa mikono miwili karibu na dirisha, na kila mara alikuwa na mtu mpya wa kumlaumu: jasho la shemeji, mvua za siku zile, yule muuza ngozi aliyemwuzia mgongo kumbe ni tumbo.

Mimi uvumilivu ulinishinda. Nilikwenda kwake siku moja nikamwambia mbele ya wateja kwamba kama ngozi imemshinda akauze sabuni, kwa sababu kuna mtu atapoteza kazi kwa ajili ya mshono wake. Alikuwa ameshika ule mkanda, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye kwa mara ya kwanza kazi yake imemkana.

Msimamizi alikuja bandani kwetu asubuhi moja kukagua magunia. Mume wangu alikuwa anapita nje, polepole, bunduki imeshuka mpaka karibu na goti, na mkono wa kulia ameuning'iniza tu kama si wake. Alisimama kumsalimia. Msimamizi alimtazama kuanzia miguuni, akapanda, akafika usoni. Si mtu mkatili, nitasema kweli. Alisema taratibu:

"Umelegea, mzee."

Neno ni lile lile, la mkanda na la mtu. Ukiuambia mkanda umelegea, na ukimwambia mtu umelegea, mdomo unafanya kazi moja. Wanawake wote bandani walijua ni lipi limesemwa. Sindano zilisimama. Mume wangu alitazama chini kwenye bizimu, akalishika kwa mkono wa kushoto.

"Ndiyo, bosi," alisema. "Shemeji ataukaza leo jioni."

Msimamizi alitazama viatu vyake.

"Haya," alisema. "Aukaze."

Mume wangu alikwenda zake kuelekea ghala la mwisho. Mimi nilibaki na sindano imenichoma kidole wala sikuhisi. Nilikuwa nimemwona kwa macho ya mtu mwingine, na sikuweza tena kumwona kwa yangu. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyembamba ndani ya kola. Bega la kushoto, lililobeba mkanda, lilikuwa limeshuka, na pale mfupa ulipokutana na mkono palikuwa na shimo.

Jioni nilimwambia naupeleka mkanda ukakazwe. Nilimkuta mdogo wangu akifunga dirisha. Nilimwomba pacha. Alimtoa msumarini, alikokuwa amening'inia peke yake tangu siku ile ya mchanga, hakubeba kitu. Niliulaza mezani ule uliovaliwa, nikamlaza pacha kando yake, bizimu kwa bizimu. Tulitazama mwisho wa pili. Ilikuwa sawa.

Mdogo wangu aliigeuza. Akaipindua, akaivuta, akaibadilisha nafasi, akaleta futi akapima mmoja, akapima mwingine. Ilikuwa sawa.

"Labda na pacha naye amelegea," alisema.

"Akining'inia bure?"

Aliirudisha futi mezani.

"Ngozi yako haijatanuka hata kidogo," nilimwambia. "Anayepungua ni shemeji yako."

Alikaa kwenye kigoda changu. Kwa muda mrefu alikuwa akipapasa matundu aliyotoboa mwenyewe, moja baada ya jingine, yakielekea mahali pasipofaa kuwa na matundu kwenye mkanda wa mtu mzima. Niliona anaelewa. Kisha akaniuliza kama mwenyewe anajua. Nilisema sidhani. Akaniambia nimpeleke hospitali, nimdanganye kwa lolote, ila nisimwambie habari ya pacha.

"Mimi nitasema ngozi ni mbovu," alisema. "Yeye aendelee kukasirikia mkanda. Ni afadhali."

Hospitali tulikwenda. Nilimwambia ni kwa ajili ya ule usingizi wa mkono, na hakubisha, jambo ambalo lilinitisha zaidi ya lolote. Walimpima, wakamgonga magoti, wakamchoma kwenye misuli vijisindano vilivyounganishwa na mashine, wakatuita tena, wakatuita tena. Mwisho daktari alitukalisha. Alisema ni ugonjwa unaokula misuli, kidogo kidogo, hauumi sana na haurudi nyuma. Umeanza mkononi na begani. Utakwenda miguuni, utafika kwenye ulimi, na mwisho wake uko kwenye pumzi. Niliuliza dawa. Alisema zipo za kupunguza adha. Niliuliza tena kwa maneno mengine, akanijibu vile vile.

Mume wangu aliuliza swali moja tu, kama anaweza kuendelea kubeba kitu kizito ikiwa mkanda ni mzuri. Daktari alimuuliza kitu gani. Aliposikia ni bunduki alitabasamu akidhani ni mzaha, kisha akaona nyuso zetu.

Tulikaa kwenye benchi nje ya jengo lile kabla ya kuondoka. Nilikuwa nalia bila hata kujificha. Yeye alikuwa mkavu. Aliniambia kwamba alijua zamani, tangu pampu. Kwa muda mrefu alikuwa hawezi kuujaza mtungi. Alikuwa anaujaza nusu, risasi inatoka haina nguvu, kunguru anajikung'uta na kuendelea kula. Alijua si pampu na alijua si mkanda.

"Ila shemeji usimwambie," alisema. "Atanihurumia mpaka nichoke. Mwache ahangaike na ngozi yake, anaifurahia."

Ningemwambia nini? Nilisema sawa. Hivyo ndivyo nilivyobaki katikati yao kama gunia lenye midomo miwili, naziba huku, kunamwagika kule.

Kilichofuata ningekicheka kama kingekuwa cha watu wengine. Mume wangu aliendelea kuchagua mikanda. Alikwenda kwa mdogo wangu kila alipopata nafasi, anasimama katikati ya chumba, anazungukwa, anapimwa. Mdogo wangu alileta ngozi nyembamba zaidi, wakaijadili. Akaleta mkanda wa turubai wenye vibanio, wakaujadili. Alifikiria mkanda wenye ndoano inayoshika kiunoni, ili uzito uhame begani uende nyongani, akauchora chaki juu ya meza. Mume wangu alikosoa bizimu, akasifia kingo, akauliza kama mpira wa baiskeli ungefaa kuliko wa gari. Walitaniana kama zamani. Kila mmoja alikuwa anamfanyia mwenzake maigizo, kila mmoja anajua, na kila mmoja anadhani mwenzake hajui. Mimi nilikaa kigodani nikitazama. Wakati mwingine nilitaka kuwagonganisha vichwa.

Mdogo wangu naye alikwenda mbali kuliko nilivyotaka. Ili uongo wake usimame, alimwambia kila aliyeingia. Mtu akiona mkanda mezani, anamwambia huu wa shemeji unalegea kila siku, ngozi zangu siku hizi mbovu, nimeuziwa takataka. Maneno ya namna hiyo hayakai ndani ya chumba. Mwanamke mmoja alikuja kuchukua mkoba wake kabla haujakamilika. Mtu wa viatu vya harusi alihamia kwa fundi wa mtaa wa pili. Watu walianza kupita dirishani wakisalimia bila kusimama. Nilimwambia anajiharibia jina alilolijenga tangu hajaota ndevu.

"Jina ni langu," alisema, akaendelea kupaka uzi nta.

Kule maghalani msimamizi alijitia hamnazo kadiri alivyoweza. Alimpunguzia mzunguko, akamwambia ni kwa sababu kunguru wamepungua, na hapo hapo kunguru wamejaa juu ya bati wanamsikiliza. Mume wangu alikuwa hawezi tena kuinua bunduki kufikia jicho. Alizunguka nayo tu. Mwanzoni ndege waliruka wakimwona, kwa mazoea. Baadaye waliruka wachache. Siku moja nilimwona akipita karibu kabisa na kundi lililokuwa juu ya nafaka iliyomwagika, na lilichofanya ni kusogea pembeni kumpisha.

Alianguka mchana, kati ya ghala la tatu na la nne, mbele ya macho yangu. Hakujikwaa. Miguu ilikunjika tu. Nilikimbia na sindano mkononi, na wapakuzi wakakimbia, na msimamizi akatoka ofisini bila kofia. Tulimkuta amelala kwa mgongo. Bunduki ilikuwa juu yake, imekumbatiwa na mkanda kifuani, haikugusa chini hata kwa ncha.

"Haijatua," alimwambia msimamizi. "Umeona mwenyewe. Haijatua."

Msimamizi alisema ameona. Alipiga magoti, akafungua bizimu kwa mikono yake, kwa upole ambao sikumtarajia, akaichukua bunduki. Mume wangu hakumzuia. Alimtazama akienda nayo mpaka akaingia stoo, na hakuna aliyehitaji kumwambia kwamba amemwaga unga.

Mlinzi mpya alikuwa mmoja wa wapakuzi, mtu wa mabega mapana. Alipewa mkanda mwingine wa nailoni, akautundika bega moja, akazunguka huku akipiga mluzi. Kunguru walimheshimu siku ya kwanza tu alipoangusha wawili. Mimi niliendelea kushona, nimegeuza benchi langu litazame ukuta.

Nyumbani mume wangu alikaa. Alikuwa amenionya, na alikuwa mtu wa maneno yake. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, na kiti kikawa mahali tunapompata. Nilimlisha, nikamnyoa, nikamgeuza. Alinichekesha alipoweza. Alianza kugombana na kijiko, kwa adabu, mpaka ulimi nao ukaanza kuwa mzito na ugomvi ukapungua. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kuona vitu vinamshinda na yeye havisemi.

Mdogo wangu alikuja Jumapili moja na mkanda mpya ameukunja kwenye gazeti. Ulikuwa wa ngozi ya mbuzi, laini, mwembamba, kingo zimesuguliwa mpaka zinang'aa, bizimu dogo la shaba. Sijawahi kuona kazi yake nzuri kama ile. Alisema ni wa siku atakayorudi kazini. Alisema ngozi hii nayo hadhani kama ni nzuri, yule muuzaji amemdanganya tena, lakini wajaribu wapime, na kama itatanuka ataikaza.

Tulimvalisha hapo hapo kwenye kiti, juu ya fulana. Mimi nilimwinua bega, mdogo wangu akaupitisha mgongoni na kuuleta mbele. Hakukuwa na kitu cha kuning'iniza. Bizimu lilipita tundu la kwanza, la pili, likapita yote, na ncha ya mkanda ikabaki ndefu ikilala mapajani. Mdogo wangu alipiga magoti akaishika ncha ile, akakunja uso kifundi, akasema unaona, ngozi hii.

"Shemeji," mume wangu alisema.

Maneno yake siku zile yalikuja moja moja, na tulikuwa tumejifunza kuyasubiri. Mdogo wangu hakuinua macho.

"Ngozi yako haikuwa mbovu."

Nilishika mgongo wa kiti.

"Hata siku moja," alisema. Alivuta pumzi, ikachukua muda kufika. "Ni mimi. Kawaambie watu."

Nilidhani mdogo wangu atalia, maana mimi nilikuwa tayari nalia. Alibaki amepiga magoti, amelishika lile bizimu kwa mikono miwili, na taya zake zilikuwa zinatetemeka kwa kitu ambacho kwa mtu mwingine ningekiita hasira.

"Ilikuwa mbovu," alisema.

"Shemeji."

"Ilikuwa mbovu, nakwambia. Yote. Tangu ule wa kwanza. Usinibishie kwenye kazi yangu."

Mume wangu alinitazama mimi, kama anayeomba nimsaidie kumwelewesha mtu huyu. Sikuweza. Alitaka kusema kitu kingine, midomo ikajiandaa, lakini pumzi ilikuwa ndogo, na mdogo wangu alikuwa ameshatoa koleo lake mfukoni, anatafuta pa kutoboa.